Naomba ushauri: kujaza petroli na kufunga boti maji yakitoka

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Nina boti ya faiba ya futi 18, mashine ya farasi 15 ya kuchanganya oili. Naweka mililita 400 kwa dumu la lita 20. Nipo Pangani, mwezi wa pili sasa naendesha mwenyewe.

Kwanza mafuta. Namimina nikiwa ndani ya boti, na hata kwa faneli kidogo humwagika chini, harufu inabaki. Juzi kijana wangu alitaka kuwasha sigara palepale, nikamfokea mpaka watu wakageuka. Tangi ni la kubebeka. Je, nilitoe nikalijazie ufukweni kila mara, au kukausha kwa tambara na kusubiri upepo upite kunatosha kabla ya kuwasha mashine?

Halafu gatini. Maji yakitoka, mto unavuta kuelekea baharini na upepo wa kusi unasukuma tezi, yaani nyuma ya boti. Nikiingia taratibu boti inalala ubavu, nikiongeza moto nagonga. Omo, yaani mbele ya boti, niielekeze kwenye mkondo au kwenye upepo?