Je, jimbo lina haki ya kupindua kura ya mji? Mjadala kuhusu Milton, Massachusetts

Mleta Mada: Sheria ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ya mwaka 2021 inautaka kila mmoja wa miji 177 iliyo katika mtandao wa usafiri wa umma wa Boston utenge angalau eneo moja ambamo nyumba za familia nyingi, zisizopungua 15 kwa ekari, zitajengwa bila mwenye kiwanja kuomba kibali maalumu. Mkutano wa mji wa Milton, yaani baraza la wawakilishi wa wakazi, ulipitisha mpango wa kutenga eneo hilo Desemba 2023, lakini Februari 2024 wapiga kura wakaufuta. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andrea Campbell, alikwenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba sheria ni halali. Naunga mkono. Mji unaofunga milango kwa kisingizio cha utulivu unabagua watu, ila kwa adabu.

Boma la Kale: Ndugu, kubagua ni tuhuma nzito, nawe umeitupa kama salamu. Anayehofia shule kufurika ni mbaguzi? Isitoshe, umeficha nusu ya hukumu: mahakama hiyohiyo ilisema miongozo ya utekelezaji haikutungwa kwa utaratibu wa kisheria, ikabidi iandikwe upya. Tena Milton iliwekwa kundi moja na miji yenye treni za mjini, ikadaiwa itenge eneo linalotosha nyumba sawa na asilimia 25 ya zilizopo mjini badala ya 10, eti kwa sababu ya tramu ya Mattapan, kitreni chepesi kinachopita Milton. Vibehewa vya miaka ya 1940 navyo ni treni?

Reli ya Kati: Vibehewa hivyo vya rangi ya machungwa, pamoja na uzee wao, vina njia yao wenyewe, havisubiri foleni ya magari, na vinamfikisha abiria Ashmont anakopanda treni ya kuingia Boston. Asiye na gari haulizi behewa liliundwa lini.

Boma la Kale: Kuwa na njia yake hakuifanyi tramu ya behewa moja kuwa treni. Ukiipanda ndipo utanielewa.

Reli ya Kati: Nimeipanda, tena asubuhi ya theluji, wakati magari ya majirani zako yalikuwa yamekwama.

Mpangaji: Waheshimiwa, tumeacha nyumba tukahamia kituoni. Kutenga eneo si kujenga: sheria hii haimlazimishi yeyote kumwaga zege, wala haiweki ukomo wa kodi ya pango. Ile ya mwaka 1969, maarufu kama 40B, angalau humruhusu mjenzi kuvuka vikwazo vya mji kwa sharti kwamba sehemu ya nyumba zake ziwe za bei nafuu. Nani kati yenu atanieleza ghorofa jipya la kifahari karibu na kituo litanipunguziaje kodi?

Mleta Mada: Nyumba zikiongezeka, wenye kipato kikubwa huacha kugombania za zamani unazozitafuta wewe. Huchukua miaka, nakubali.

Boma la Kale: Hoja ya Mpangaji nitaijibu. Kwanza mleta mada afute ile kauli ya ubaguzi.