Spika ndefu za daraja la juu kwa ukumbi mwembamba wa Mji wa Kale

Baba Nuru:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tumerudi kukaa katika nyumba ya marehemu babu, Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya ukarabati uliochukua karibu miaka miwili, na sasa nataka kutimiza nia yangu ya tangu ujanani ya kununua spika za kusimama sakafuni za daraja la juu. Ukumbi uko ghorofa ya kwanza. Urefu wake ni mita 7 na upana wake mita 2.7, dari ni ya boriti, kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa, na ukuta mmoja wa mwisho una zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ambazo fundi amezifufua vizuri mno. Mke wangu hana ugomvi na muziki, ila amesema wazi kwamba masanduku mawili meusi hayatasimama mbele ya zidaka zile kama askari wa lindo.

Nasikiliza zaidi taarabu ya kwetu ya zamani, Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na mara mojamoja muziki wa dansi. Zilizonivutia ni KEF R7 Meta ya Uingereza, Focal Aria 936 ya Ufaransa na Sonus faber Sonetto ya Italia. Picha za zote zinapendeza, lakini zimepigwa katika kumbi pana kama uwanja. Nichague ipi?

Fundi Mstaafu:

Wa alaykum salaam. Nimetengeneza redio na spika Makadara kwa zaidi ya miaka 30, na nyumba za Mji wa Kale nazijua vyema, kwani ngazi zake ndizo zilizonimaliza magoti. Ukumbi wako ni mwembamba kwa sababu waliojenga walifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo zikiwa ndefu kupita kiasi hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa zinayoyabeba. Upana huo ndio utakaoamua sauti yako kabla ya jina la kampuni yoyote. Wimbi la besi hugonga ukuta mmoja likarudi kwenye mwingine, na pale nusu ya wimbi inapolingana na upana wa chumba, sauti hiyo huvimba peke yake. Kwa mita 2.7 na joto letu la pwani, hilo hutokea karibu na Hz 64, yaani mitetemo 64 kwa sekunde, mahali ambapo gitaa la besi la muziki wa dansi hupita kila mara. Ukuta mnene wa matumbawe haulegei hata kidogo, kwa hiyo besi hiyo haimezwi, hurudishwa chumbani karibu yote.

Ndiyo maana sitafuti spika yenye besi nyingi, natafuta isiyodai nafasi kubwa nyuma yake. R7 Meta ina matundu ya kupumulia nyuma, hivyo inataka kusogezwa mbele ya ukuta, ingawa huja na vizibo vya sponji vya kupunguza mvumo. Aria 936 inapumulia mbele na chini, na Sonetto inapumulia chini. Kwa amplifaya, Aria ni nyepesi kuendesha: kwa nguvu ileile ya umeme inatoa sauti ya desibeli 92 pale R7 inapotoa 88, na tofauti hiyo ya desibeli 4 ni sawa na kuhitaji nguvu mara mbili na nusu. Hata hivyo ukumbi wako ni mdogo na kuta zake ni ngumu, kwa hiyo amplifaya nzuri ya wati 50 isiyoogopa mzigo wa omu 4, yaani spika zenye ukinzani mdogo wa umeme, itakutosha kwa yoyote kati ya hizo.

Sasa neno langu kubwa. Kwa nini spika ziwe upande wa zidaka? Ziweke upande wa pili, nawe uketi ukizipa zidaka mgongo, kochi likiwa mbele ya ukuta huo kwa mita moja na nusu hivi. Ukuta mtupu hurudisha sauti kama kioo, lakini zidaka, kwa vina na kingo zake, huitawanya. Mama Nuru atabaki na zidaka zake, nawe utafaidika.

Baba Nuru:

Ahsante sana, Fundi. Hilo halikunipitia akilini kabisa. Kikwazo ni kwamba upande wa pili una dirisha kubwa la mashariki, na asubuhi jua na upepo wa bandari vinaingia pamoja.

Bint Kizingo:

Kaka, hapo naomba nichangie, kwa kuwa nina Sonetto na ukumbi wangu unatazama bahari. Huu ni mwaka wa nne, na lile ganda jembamba la mbao ya mjozi limepauka upande wa dirisha, kiasi kwamba ukizitazama spika mbili kwa pamoja utadhani zimetoka nyumba tofauti. Ukitaka rangi ya mbao, weka pazia zito. Pazia hilo litakusaidia pia kupunguza makali ya sauti nyembamba, jambo ambalo mkeka hauliwezi. Nyeusi ya kung'aa inaonyesha kila chembe ya vumbi la kaskazi, nami nisingemshauri mtu yeyote wa Mombasa kuinunua.

Chumvi nayo haina huruma. Nyaya za shaba zilizoachwa wazi zilifanya kutu ya kijani kabla mwaka haujaisha, mpaka nikazitia vichwa vya kuunganishia vilivyopakwa dhahabu.

Fundi ameisifu Aria, nami simpingi kwa masikio. Lakini ina urefu wa sentimita 115, ina wufa (spika za besi) tatu mbele, na katika chumba cha mita 2.7 utahisi umeketi na wageni wawili wasiotaka kuondoka. Sonetto imefuata umbo la ala ya luti, ambayo ni mjukuu wa udi, hata jina la luti limetokana na la Kiarabu la udi. Zein l'Abdin akipiga udi mbele ya kuta zenye zidaka, naona umbo lile liko nyumbani. Tahadhari moja tu: juu yake pana ngozi, na paka wa Mji wa Kale hawaombi ruhusa.

Baba Nuru:

Nimekata maboksi mawili yenye urefu na upana wa Sonetto, nimeyasimamisha upande wa dirisha, na yamekaa siku tano sasa. Mke wangu hakusema neno, ila jana nimekuta ameyafunika kanga. Anauliza kama spika zenyewe nazo zitafunikwa hivyo.

Fundi Mstaafu:

Zikiwa zimezimwa, na zifunikwe, kwani itazikinga na jua na vumbi. Wakati wa kusikiliza kanga iondolewe, maana uzi wake umefumwa kwa kubana na utakula sauti nyembamba za nyuzi za udi.