Lightroom: Auto inahamisha vitelezi vyote, naidhibiti vipi?

Mkunazini_P
Assalamu alaykum ndugu zangu. Natumia Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, kwa picha za harusi, na suali langu ni la Auto, kile kitufe cha kurekebisha mwanga chenyewe. Ukibonyeza, vitelezi vyote vinahama kwa pamoja, wala hakuna pa kuiambia iongeze kidogo tu. Bibi harusi mbele ya ukuta wa chokaa anatoka na uso wa kijivu. Picha inayofuata, pahala pale pale, ina mwanga mwengine. Na mlango wa nakshi nyuma yake unakuwa bapa. Kuna njia ya kuichukua kwa kiasi?

FundiWete
Waalaykum salaam. Auto haina kipimo cha nguvu, lakini si lazima uichukue yote. Shikilia Shift, kisha bonyeza mara mbili juu ya jina la kitelezi kimoja. Hicho peke yake ndicho kitakachojipanga. Ukibonyeza mara mbili bila Shift, kinarudi sifuri.

Iachie Whites na Blacks tu, maana hapo kazi ni kutafuta ncha ya weupe na ncha ya weusi. Exposure (mwanga wa picha nzima) na Shadows (mwanga wa sehemu za giza) weka kwa mkono. Uso wa kijivu mara nyingi unatokana na Shadows: ikipanda kufika +50 na zaidi, ngozi nyeusi inapoteza kina, na mlango vile vile. Ishushe mpaka +15 hivi, halafu upakie uso maski ya brashi na uuongezee Exposure 0.30 hadi 0.50. Mlango utabaki na giza lake.

Binti_Makunduchi
Jawabu la kaka ni sahihi, ila linatibu picha moja moja. Picha za pahala pamoja zinatofautiana kwa sababu Auto inahesabu kila fremu peke yake: bibi harusi akisogea karibu, ukuta unapungua, na hesabu inageuka. Kamera nayo ina tabia hiyo hiyo. Ikiona ukuta mweupe au mchanga mweupe wa pwani ya Paje inadhani mwanga umezidi, inapiga giza.

Dawa khasa iko kwenye upigaji. Weka kamera kwenye M (unapanga mwenyewe), na ISO (wepesi wa kunasa mwanga), spidi ya shata na tundu la lenzi visibadilike maadam mwanga ni ule ule. Rekebisha picha moja, chagua nyengine zote, bonyeza Sync, zipate marekebisho yale yale. Kwenye dirisha lake, ukiona alama ya Auto Settings iondoe, la sivyo kila picha itahesabiwa upya na umerudi ulikotoka.

Kama zimeshapigwa kwa A (unachagua tundu, kamera inapanga spidi), anza kuchagua ile iliyokaa vizuri, ongeza wenzake, kisha menyu ya Settings, Match Total Exposures. Hiyo inasawazisha mwanga wa picha kwa kusoma namba za kamera tu: ISO, spidi, tundu na fidia ya mwanga uliyoweka. Wingu likipita haliioni. Picha za kivulini zitenge kundi lake.

Mkunazini_P
Ahsanteni sana. Na zile za haraka, za simu, kwa programu ya Snapseed?

FundiWete
Fungua Tune Image, gusa kijiti cha Auto, kisha punguza Ambiance na Shadows kwa kidole kabla ya kukubali. Ukishakubali, ingia View edits (orodha ya hatua ulizofanya), gusa hatua hiyo, chagua brashi: unaipaka pale unapotaka tu, kwa nguvu ya 25, 50, 75 au 100. Lakini kanzu iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga ikawa nyeupe tupu, kwenye JPEG (faili la kawaida la picha za simu) hairudi kwa kitelezi chochote. Wakati wa kupiga, gusa kanzu kwenye kioo na ushushe mwanga mpaka mikunjo ya kitambaa ionekane.