Naomba ushauri: miaka saba naombea ajira, sasa kuna mtu anataka milioni mbili

mwl_uyole:
Bwana asifiwe wakuu, na ndugu zangu Waislamu asalaam aleykum. Nipo Uyole hapa Mbeya, miaka 33, nimemaliza ualimu 2018, Historia na Kiswahili, na mnajua wenyewe watu wa arts tulivyo wengi. Tangu hapo naomba tu. Nimefunga, nimekesha, mlimani nimepanda. Usaili niliitwa, wa kuandika nikapita, mahojiano nikapita, nafasi zikajaa nikaambiwa nipo kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaongoja nafasi. Basi nipo huko kwenye kanzidata mpaka leo huku nalima viazi.

Sasa kilichofanya niandike. Alhamisi huwa tuna maombi ya nyumba kwa nyumba, kila mtu anataja hitaji lake na kuna mama mmoja ndo katibu anaandika kwenye kaunta buku. Wiki iliyopita zamu yangu inafika, hata mdomo sijafungua, nachungulia naona kashaandika jina langu na mbele yake "ajira". Hana ubaya yule mama, hata mimi ningeandika maana ni hilo hilo kila wiki. Ila nilisikia aibu moja hiyo, nikaona kumbe hata Mungu labda akinisikia naanza tu anasema ndio ndio najua, pita.

Kurudi nyumbani nikapigiwa na jamaa, anasema ana konekshen, milioni mbili na jina linatoka. Rafiki yangu tunayelima naye anasema si umeomba miaka saba, huenda ndo Mungu kajibu kupitia huyo. Mama yangu Tukuyu yuko tayari kuuza ng'ombe wake wa maziwa. Nifanyeje? Na msinitukane, nimechoka.

kijana_wa_kihesa:
Pole mwalimu. Mimi nilitoa laki nane, jamaa akahama namba. Ni hayo tu.

parachichi_njombe:
Kaka subira. Mche wa parachichi wa kubebeshwa unapanda leo unakula matunda mwaka wa tatu au wa nne, huwezi kwenda kuuvuta majani ukue haraka. Na Mungu ndo yuko hivyo hivyo.

mwl_uyole:
Asante mkuu ila huo mfano umenikuta pabaya. Nilipanda miche 40 kwa mjomba huko Makete, Julai barafu ikapita yote ikawa kama imepikwa 😂

parachichi_njombe:
Duh. Basi nimenyamaza.

Mama_Lusajo:
Mwanangu ugonile. Huyo rafiki yako anayekwambia huenda ndo Mungu kajibu, soma 1 Samweli 24. Daudi keshapakwa mafuta kitambo, ufalme haji kuupata mpaka ana miaka 30, katikati hapo ni kukimbia maporini tu. Siku moja Sauli anaingia mwenyewe kwenye pango walilojificha, peke yake, kujisaidia. Watu wa Daudi wakamwambia nini? Hii ndo ile siku Mungu alikuahidi! Maneno ya rafiki yako kabisa. Na kwa macho ilionekana kweli, adui kajileta. Daudi akakata pindo la nguo tu, na hata hilo pindo likamchoma moyo. Kwa hiyo mlango kuwa wazi siyo ushahidi kwamba Mungu kaufungua.

Na hiyo aibu yako ya kurudia hitaji moja, Zaburi ya 13 mistari miwili ya kwanza tu Daudi kasema "hata lini" mara nne. Nne! Yule angekuwa na katibu wa kumwandikia angeshamchosha. Mimi Lusajo nilimngoja miaka tisa, na kuna mwaka mzima katikati sikuomba chochote, nilikuwa naenda kanisani nakaa benchi la nyuma namwangalia Mungu kwa jicho baya. Sijui kama ile ilikuwa sala. Nadhani ilikuwa.

Mwambie mama ng'ombe asiuze.

mtu_wa_mafiati:
Nyie watu wa dini mnachosha. Kuomba kazi kule kwenye mfumo wa ajira wa serikali ni bure, hakuna hela popote, anayedai hela ni tapeli au mla rushwa, na kwa sheria ya rushwa ya 2007 mtoaji na mpokeaji wote mna kosa. Piga 113 TAKUKURU, simu haikatwi salio. Mungu mwacheni apumzike.

Abuu_wa_Iringa:
Mafiati yuko sahihi kwenye 113 ila kwenye kupumzika hapana, mkuu 😅. Mwalimu, kwetu kuna kisa cha mtu aliyeulizwa amfunge ngamia wake au amwache amtegemee Mungu, Mtume akamjibu mfunge kisha utegemee. Wewe ngamia wako keshafungwa, maombi ya kazi ulituma, usaili ulifanya. Kilichobaki siyo chako. Na nabii Yaqub kumngoja Yusuf alilia mpaka macho yakapofuka na bado Qur'ani inamtaja kwa subira njema, kwa hiyo subira siyo kukaa unatabasamu. Nakuombea dua kila baada ya alfajiri, na bili sikuletei.

mwl_uyole:
Wakuu mrejesho. Jamaa kapiga mara tatu, ya tatu kashusha mpaka milioni moja na nusu, mara anasema tanguliza laki tatu. Nikamwambia sina. 113 nimepiga, wamechukua maelezo. Mama nimemwambia, kanuna kidogo, kasema basi maziwa nitakunywa mwenyewe.

Jana Alhamisi nikaenda. Katibu kashaandika "ajira" kama kawaida yake. Nikamwambia mama, leo naomba uanze kuandika hasira, ajira iwe ya pili. Akaniuliza hasira na nani? Nikamwambia na Mungu. Kukawa kimya pale sebuleni mpaka unasikia chai inachemka jikoni. Halafu akaandika. Na chini yake akaandika jina lake na yeye, akaweka mbele yake neno hilo hilo.

Mama_Lusajo:
Ndaga fijo, asante sana mwanangu.

kijana_wa_kihesa:
Mwalimu viazi gunia sh ngapi sa hivi? Na isiwe lumbesa tafadhali.