Mechi ya 1000 ya kocha wetu: koja tumvishe kabla ya mpira au baada?

Karani wa Timu (Kibokoni)

Assalaam aleikum jamaa. Nataka rai zenu, na nazitaka kabla ya Jumapili.

Kocha wetu wa Serani (jina silitaji, mjukuu wake yumo humu na mdomo wake mwaujua) anafika mechi ya 1000. Nimehesabu mwenyewe, siku tatu, mpaka macho yakauma. Mzee ana madaftari sita ya shule. Kila mechi nusu ukurasa: tarehe, waliocheza, mabao, na chini yake neno moja la hukumu. "Uvivu." "Mvua." "Alhamdulillahi." Pana moja la 1994 imeandikwa "Refa" tu, na kalamu imetoboa karatasi. Alianza 1986, na hujigamba kwamba yeye na Ferguson, yule kocha wa Manchester United, walishika kazi mwaka mmoja, "ila mwenzangu alichoka 2013."

Mipango iko tayari: koja la asumini, kanzu mpya, keki, biriani. Ugomvi ni saa. Nusu ya kamati wataka kabla ya kipenga, watu wakiwa wamejaa na mzee hana pa kukimbilia. Mimi nasema baada, na sababu yangu ina tarehe: 22 Machi 2014.

Siku hiyo kocha Wenger alikuwa anatimiza mechi ya 1000 akiwa na Arsenal, ugenini kwa Chelsea. Sisi wa Arsenal tulichanga tukanunua keki, tukaipeleka banda la video kule Majengo. Tukaikata saa tisa unusu, mpira ukaanza saa tisa na dakika 45. Dakika ya saba tushalala mbili. Dakika ya 17 Oxlade-Chamberlain kaudaka mpira langoni kama kipa, refa akamtoa mwenzake, Gibbs! Gibbs wa watu hakugusa kitu. Ikaisha sita bila. Keki ile waliila mashabiki wa Chelsea, kipande kwa kila bao, na sahani wakaturudishia sisi tuioshe.

Sasa niambieni kama naogopa bure.

Mvuka Feri (Likoni)

Unaogopa bure. Nuksi haikuwa kwenye keki, ilikuwa kwenye timu.

Ferguson alipotimiza miaka 25 Old Trafford, uwanja wetu wa Manchester United, sherehe ilikuwa kabla ya mpira, tarehe 5 Novemba 2011, mechi na Sunderland. Mzee wa watu katoka kukuta wachezaji wamejipanga safu mbili wanampigia makofi, kisha akaonyeshwa jukwaa la kaskazini limeandikwa jina lake. Hakuwa na habari. Na kumbuka wiki mbili nyuma Manchester City walikuwa wametufunga sita kwa moja palepale nyumbani, mimi nilikaa siku nne bila kupanda feri kwa aibu. Tukashinda moja bila, tena Wes Brown, kijana wa Ferguson mwenyewe aliyehamia Sunderland, ndiye aliyejifunga. Hiyo si zawadi?

Mvisheni kabla. Mtu mzima hazuiliwi furaha yake mpaka matokeo yapatikane.

Binti Tudor

Mwabishana kuhusu keki kana kwamba mzee hajui hesabu. Mtu aandike nusu ukurasa kila mechi tangu 1986, halafu asijue yuko ya ngapi? Anajua. Ananyamaza tu.

Mourinho, akiwa kocha wa Roma, alifanya hivyohivyo Septemba 2021. Wiki nzima anawaambia watu mechi ya 1000 ni mechi kama nyingine. Roma na Sassuolo wakawa sare ya bao moja mpaka muda wa nyongeza, El Shaarawy akaifungia Roma la pili, na yule bwana wa miaka 58 akatoka mbio mpaka kwa mashabiki wa Roma kwenye jukwaa la Curva Sud kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa madrasa. Baadaye akakiri: nilikuwa nawadanganya. (Na yule aliyekuwa benchi la Chelsea siku ya keki yako, Karani, ni huyohuyo. Pole.)

Swali langu ni jingine. Jezi za mechi hizo 1000 amefua nani? Makoja yatungwe mawili.

Beki wa Zamani (siku hizi Mtwapa)

Nimecheza chini ya mzee kuanzia 1995 hadi 2003, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kwanza, hesabu yako Karani ina tundu. Daftari la pili lilirowa mvua ya El Niño, mwishoni mwa 1997. Mfuko ulikuwa chini ya benchi, maji yakapita. Mimi ndiye niliyelianika juu ya bati. Kurasa zilishikana na wino ukakimbia, na mechi za miezi kadhaa hazisomeki. Pia kuna ile ya Malindi, gari ilituharibikia njiani, tukafika jua linazama, tukacheza hivyohivyo mpaka hatuoni mpira. Haikuandikwa mahali. Kwa hivyo ya 1000 huenda ilishapita. Na kwa timu yetu ninavyoijua, tulifungwa.

Pili, mwayazungumzia maneno yake ya hukumu kama mzaha. Mimi nilijifunga mara mbili mechi moja, na watoto wa Kisauni, nina miaka 16. Nilirudi nyumbani kwa kichochoro nisionwe. Siku ya mazoezi nikachungulia daftari nikijua nitakuta tusi. Kaandika "Viatu." Nilikuwa nimevaa vya kaka yangu, vimenizidi namba mbili, nimevijaza magazeti mbele. Hakuna aliyekuwa ameona, hata mamangu. Wiki ile akaja na jozi, si mpya, lakini za kwangu.

Kabla au baada, nitakuja.

Karani wa Timu (Kibokoni)

Nimelifungua tena daftari la pili. Beki, ni kweli. Kurasa 11 zimegandana, nami nilizihesabu kwa kukisia nikidhani ni gundi.

Na mjadala umefungwa bila sisi. Mzee kanipigia leo baada ya alfajiri. Mjukuu keshasema yote, mpaka rangi ya kanzu. Kasema keki ikikanyaga uwanja kabla ya kipenga cha mwisho, mimi nitaanza namba tisa. Nina miaka 44 na goti moja.

Basi ni baada ya mpira. Mvuka Feri, njoo mapema utusaidie kubeba masufuria. Biriani ni ya mbuzi, hilo ameliuliza mara mbili. Makoja yatakuwa mawili kama alivyosema Binti Tudor, na la pili bado lapungukiwa shilingi 800.