Mliowahi kutumikia misheni nje ya nchi mkiwa vijana, tupeane uzoefu

MwanaNgamiani:
Wakuu, jana nahamisha vitu vya mama kutoka Barabara ya 12 kwenda Makorora, chini ya sanduku nikakuta ile beji yangu nyeusi. Pini ina kutu, jina bado linasomeka. Nikakaa juu ya godoro nikiitazama, wabeba mizigo wananipigia kelele.

Nilitumikia misheni ya Wamormoni Zambia miezi 24, nikaanza na miaka 20. Beji inasema Elder, yaani Mzee. Bibi yangu wa Duga nilipomtafsiria alicheka mpaka akashika ukuta: "Mzee! Hata ndevu za kukopa huna."

Jua, mbwa, kufungiwa milango, hayo yote unazoea. Mimi kilichonikata ni bibi. Wakati wetu, kabla ya Februari 2019, hakukuwa na kupiga simu nyumbani kila wiki kama wa sasa. Barua pepe siku ya maandalizi, ile moja ya wiki ya kufua na kununua vitu, simu Krismasi na Siku ya Mama, basi. Jumanne moja rais wa misheni, msimamizi wetu, akanipigia mwenyewe. Bibi alikuwa Muislamu, kesho yake adhuhuri ameshazikwa. Ningepanda basi la kwenda wapi?

Misheni mnakaa wawili wawili muda wote; mwenzangu, kijana wa Marekani mwaka mmoja chini yangu, hakujua la kusema. Akaingia jikoni akasonga ugali. Ule ulikuwa uji wenye mabonge, lakini nilikula wote. Halafu nikaenda kulia bafuni, maana mnaojua mnajua: bafuni ndiyo sehemu pekee ambayo mwenzio hakufuati.

Niliporudi Tanga arobaini imepita zamani. Watu hawajui wanipe pole au wanikaribishe.

kashata_moja:
Bafuni! Umenitonesha, ndugu yangu. Uganda, 2016.

Mtu wa Kaole:
Mimi Mkatoliki wa Bagamoyo, si Mmormoni, ila naelewa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, na makaburi yao yapo pale pale misheni. Wengi malaria iliwachukua bado vijana. Nao bibi zao walikuwa mbali.

Jabali:
Uzi wa Wamormoni, wewe unatuleta makaburini Bagamoyo. Na hao si ndio wa wake wengi?

kashata_moja:
Ilisitishwa 1890. Baba yako ana wangapi?

Jabali:
Muache baba. Na 1978 je? Kabla ya hapo mtu mweusi hapewi ukuhani. Mbona hilo hamlisemi?

MwanaNgamiani:
Tunalisema. Wiki yangu ya kwanza babu mmoja alituuliza hilo hilo mlangoni. Mwenzangu masikio yakawa mekundu, mimi nikakosa jibu. Babu akatuletea viti akasema, "Kaeni basi, mfikirie." Tuendelee na uzi.

Binti Pangani:
Nyie wanaume mmelia bafuni tu. Mimi nilikuwa Afrika Kusini, miezi 18 ya akina dada. Usiku saa nane nashtuka, kitanda cha mwenzangu kitupu, mlango haujafungwa, simu yetu moja kaondoka nayo. Nje giza, mtaa wenyewe si wa kutembea hata saa mbili usiku. Ngojeni nigeuze mihogo, nakuja.

kashata_moja:
Dada, mihogo iungue!

Jabali:
Hata mimi nasubiri.

Mtu wa Kaole:
Nusu saa sasa. Huyu anakula.

Binti Pangani:
Nimerudi. Nilimkuta getini kakaa juu ya begi, kajitanda kanga yangu, anasubiri teksi ya uwanja wa ndege. Tiketi hana. Akaniambia hakutaka kuniamsha. Nikakaa naye chini, hatusemi. Teksi ikaja, dereva anauliza nani anasafiri, kimya. Akadai nauli yake ya usumbufu, nikamlipa kwa hela ya chakula. Wiki nzima wali mkavu. Alimaliza miezi yake yote, sasa ni mama wa watoto watatu. Kanga hajarudisha mpaka leo.

kashata_moja:
Kanga hiyo imeshaokoka.

Mdogo wa Chumbageni:
Samahani wakubwa. Mdogo wangu kapata barua ya wito, anaanzia mafunzo Johannesburg. Abebe nini?

Binti Pangani:
Viatu jozi mbili, soli ngumu.

MwanaNgamiani:
Jozi moja, nyingine anunue huko. Na ajifunze kulala saa nne na nusu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko macho.

Jabali:
Asiende. Atafute kazi.

kashata_moja:
Aende. Kahawa kwetu ni mwiko, akikaribishwa aseme daktari kamkataza.

Mtu wa Kaole:
Mmisionari mnamfundisha uongo?

MwanaNgamiani:
Aseme ukweli, hainywi, basi. Mimi barazani muuza kahawa ananipa kashata bila kikombe, na kwenye daftari la deni kaniandika "Mzee".

Mdogo wa Chumbageni:
Asanteni. Tatizo ni mguu wake, namba 47.

Jabali:
47? Huyo hata akikataliwa mlangoni, mguu utakuwa umeshaingia.