Naomba ushauri: albamu ya The Crow nimeisikiliza miaka mingi, je, sasa niitazame filamu yenyewe?

Msikilizaji wa Shangani (Mtwara):

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri wenu katika jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini kwangu limekuwa zito kwa muda wa wiki mbili sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baharia mmoja aliyeshuka bandarini hapa Mtwara aliniuzia kanda ya nyimbo za filamu ya The Crow, iliyotoka mwaka 1994, na tangu hapo nimeisikiliza mpaka utepe ukalegea, nikalazimika kuitafuta upya katika diski. Filamu yenyewe sijawahi kuitazama. Mpwa wangu anayesoma chuo amekuja likizo akiwa nayo kwenye kompyuta yake, na kila jioni ananiuliza tutaiangalia lini.

Sababu yangu ya kwanza ya kusita ni stelingi wake. Sisi tuliokulia katika vibanda vya video vya Chikongola tulimjua Bruce Lee kama tulivyowajua jirani zetu, na huyu Brandon ni mwanawe, aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya filamu hiyo ikitengenezwa huko Wilmington, North Carolina, akafariki tarehe 31 Machi 1993 akiwa na umri wa miaka 28. Ninaogopa kwamba nitakaa mbele ya kioo nikiyatafuta mauti yake katika kila tukio.

Sababu ya pili ni nyimbo zenyewe, ambazo zimekwisha kujipatia picha zake ndani yangu. Burn ya The Cure, yenye zaidi ya dakika 6, ngoma zake hazikimbii bali huzunguka palepale, na kwangu mimi huo ni mwendo wa usiku kuelekea Mikindani, ghuba ikiwa upande mmoja na giza la minazi upande wa pili. Big Empty ya Stone Temple Pilots huanza kwa uvivu, gita likivutwa taratibu, kisha kiitikio kinafunguka ghafla. Nikiisikia ninaona malori ya korosho yakiingia mjini mwezi Oktoba na vumbi likibaki hewani baada ya kupita. Halafu, baada ya makelele ya nyimbo 13, inakuja sauti ya Jane Siberry katika It Can't Rain All the Time, nami narudi chini ya bati la nyumba ya mama yangu katika mvua za Januari. Si kila wimbo ninaupenda. The Badge ya Pantera nimekuwa nikiurusha tangu enzi za kanda, nikibahatisha mahali pa kusimamisha utepe. Lakini hizi tatu sitaki kuzipoteza. Je, nikiitazama filamu, picha zangu zitabaki?

Mpiga Gita wa Lindi:

Kaka, kuhusu picha zako usiwe na wasiwasi mkubwa. Albamu uliyonayo na filamu ni kazi mbili zinazopishana zaidi kuliko zinavyofuatana. Kinachoijaza filamu ni muziki wa ala uliotungwa na Graeme Revell, ambao ulitolewa kama albamu ya peke yake, na nyimbo nyingi za roki unazozijua husikika kwa muda mfupi tu, wakati mwingine nyuma ya mazungumzo. Burn ndiyo itakayokusumbua, kwa sababu imepewa tukio zima la stelingi kujipaka uso rangi nyeupe na nyeusi. Hapo Mikindani yako itapata mshindani wa kweli.

Ila sikubaliani nawe juu ya Pantera. Wimbo ule ni wa Poison Idea, na Pantera wameuimba kwa heshima ya waliowatangulia, kama Rollins Band walivyoichukua Ghost Rider ya Suicide na Nine Inch Nails walivyoichukua Dead Souls ya Joy Division. Mwimbaji wa Joy Division, Ian Curtis, alifariki mwaka 1980. Kwa hiyo, kaka, miaka yote hii umekuwa ukisikiliza maneno ya marehemu yakirejea kwa kinywa cha mtu mwingine, na filamu inahusu jambo hilohilo, marehemu anayerudi. Usiurushe tena huo wimbo wa Pantera. Na Darkness ya Rage Against the Machine usikilize kwa makini, kuanzia pale mwanzo wenye upole wa jazi hadi hasira inapolipuka, kwa maana maneno yake yanahusu watu walioachwa wafe kwa maradhi ili ardhi yao ichukuliwe.

Mkulima wa Nachingwea:

Mimi nakushauri usiitazame. Mtu akiwa na kitu kizuri moyoni kwa zaidi ya miaka 20, halazimiki kukipeleka kupimwa. Mweleze mpwa wako hivyo kwa upole, naye ataelewa.

Mama wa Newala:

Mwanangu, mimi niliitazama pamoja na wanangu tulipokuwa tukiishi Dar es Salaam, na nilikuwa na hofu kama yako. Tukio alilopigwa risasi halimo. Sehemu alizokuwa hajazimaliza zilikamilishwa na watu waliosimama badala yake, na sura yake ikapachikwa kwa kompyuta. Filamu imetolewa kwa heshima ya Brandon na mchumba wake Eliza, ambao walikuwa wamebakiza wiki chache tu wafunge ndoa. Aliyeandika hadithi hiyo katika michoro, James O'Barr, naye aliianza kwa sababu mchumba wake aliuawa na dereva mlevi. Majonzi yamo ndani yake tangu kwenye mzizi, hayakuletwa na ajali peke yake.

Unaposema utayatafuta mauti yake, kumbuka mapiko yetu, vile vinyago vya ngoma. Sisi Wamakonde tunafundishwa kwamba anayetoka na lipiko usoni, kwa wakati ule, si fulani mwana wa fulani. Ni mzimu uliokuja kuwatembelea walio hai. Uso ule mweupe ulinifanyia kazi hiyohiyo. Baada ya dakika chache sikumwona tena mtoto wa Bruce Lee, nilimwona marehemu aliyerudi kudai haki.

Na hiyo Big Empty unayoipenda, je, unajua ilivyoingia? Kundi lile lilikuwa limekusudia kutoa wimbo uitwao Only Dying, wenye kutaja kufa hata katika jina lake. Brandon alipofariki wakauondoa, wakaweka huu.

Msikilizaji wa Shangani (Mtwara):

Shikamoo, mama. Maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara tatu, kisha nikaenda kuuweka wimbo ule na kuusikiliza peke yangu barazani. Malori ya korosho bado yalikuwepo, lakini safari hii nilijua kuwa mahali pake palikuwa na wimbo mwingine, na kwa nini ulikaa kimya.

Ndugu wa Nachingwea, nimekuelewa na ninakushukuru, ingawa nimeamua vingine. Nimemwambia mpwa wangu tuitazame Jumamosi baada ya Isha. Kaka wa Lindi, The Badge nimeusikiliza hadi mwisho bila kuurusha. Bado ni mkali mno kwa masikio yangu, lakini sasa nasikia kuwa kuna mtu anaheshimiwa ndani yake. Kama unayo nakala ya ile albamu ya Graeme Revell, naomba unijulishe, nitaifuata huko Lindi mwenyewe.